UZI: Kula kwa mama ntilie na kwenye vibanda vya chipsi: utazame nini, ufike saa ngapi, ufungiwe vipi

Mteja_Kariakoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Nyuzi za chakula humu ndani mara nyingi huishia kwenye majina: nenda kwa fulani Sinza, nenda kwa fulani Temeke. Majina hayo hayamsaidii aliyeko Mbagala, Tanga au Mwanza. Tena kibanda kikibadilisha mpishi, jina hubaki palepale na chakula huwa kingine. Naomba uzi huu uwe wa kufundishana kutazama. Mtu amefika mtaa asioujua, ana njaa na elfu tatu mfukoni. Aangalie nini kabla ya kukaa kwenye benchi? Akitaka kufungiwa aende nacho nyumbani, aagize vipi? Wapishi, wauzaji na watu wa afya karibuni. Tusichafue jina la mtu wala la biashara yake.

MamaSahani

Nianze na wali, ugali na mboga, ndiyo kazi ninayoijua.

Watu wakifika huuliza "pasafi hapa?" Usafi una nafasi yake, lakini swali la kwanza ni hili: chakula kimeepuliwa saa ngapi? Meza inaweza kung'aa, kitambaa kikawa kipya, na wali ukawa umeepuliwa saa nne asubuhi nawe unaula saa kumi jioni.

Kila chakula kina saa yake. Supu na chapati ni kuanzia alfajiri hadi saa nne. Wali, ugali na ndizi ni saa sita hadi saa nane mchana. Chipsi, mishkaki na kuku wa kuchoma ni kuanzia magharibi. Ukifika ndani ya saa hizo, hata banda la kawaida litakupa chakula kizuri. Nje ya saa hizo, hata banda lenye sifa litakupa kilichobaki.

Mchana huwa hivi. Maharage hutangulia kwa sababu hukaa motoni saa moja na nusu hadi mbili hata yakilowekwa usiku. Mchuzi wa nyama hufuata. Wali huepuliwa mwishoni, kati ya saa tano na saa sita, unapaliwa makaa juu ya kifuniko, kisha sufuria hufunikwa kwa kitambaa kizito au wali huhamishiwa kwenye hotpoti. Ukifunguliwa sahani ya kwanza, mvuke unapanda. Sufuria kubwa ikifunguliwa na kufungwa kila dakika, baada ya saa mbili wali wa juu umeshapoa. Basi tazama mvuke wakati anapakua. Wali usiotoa mvuke kabisa, chagua ugali. Ugali husongwa kwa awamu, sufuria moja ikiisha husongwa nyingine, kwa hiyo una nafasi kubwa ya kupata wa moto.

Mboga za nazi (kisamvu, mbaazi, maharage ya nazi) zinachacha haraka kuliko za mafuta. Saa nane imepita na joto la Dar lilivyo, chukua mchicha uliokaangwa au kabichi. Maharage yakianza kuharibika hutoa povu jembamba juu na harufu ya uchachu, hata kabla ladha haijabadilika. Ukiona povu wakati sufuria haipo motoni, acha.

AfyaKata

Shikamoo MamaSahani. Niongeze sababu ya hilo la wali, maana wengi wanaogopa nyama na kuuamini wali.

Mchele mkavu huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu mbegu huamka na bakteria huongezeka, na aina mojawapo hutengeneza sumu inayosababisha kutapika ndani ya saa chache. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kupashia. Kwa hiyo wali wa jana uliokaa usiku kucha nje ya friji haurudi kuwa salama kwa kukaangwa asubuhi na vitunguu, hata ukitoka mkavu na unanukia vizuri.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni nyepesi kuikumbuka: chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 za sentigredi, au kipoe haraka hadi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo kisizidi saa mbili. Hutembei na kipimajoto, lakini unaweza kutazama kama sufuria iko juu ya jiko lenye makaa au iko mezani. Chakula kilicho juu ya moto mdogo muda wote ni salama kuliko kilichopangwa kwenye mabeseni yenye vifuniko vizuri.

Njia_Panda

Naona mnazunguka mno. Tafuta penye foleni ya bodaboda na makondakta, kaa hapo. Wanakula nje kila siku na wanajua.

MamaSahani

Marahaba AfyaKata, umesema vizuri.

Njia_Panda, foleni inasaidia, ila itazame vizuri. Foleni inayosonga maana yake chakula kinatoka na kingine kinaingia. Foleni iliyosimama inaweza kuwa ya mpishi mmoja aliyezidiwa, na aliyezidiwa ndiye anayeosha sahani kwa kuzichovya mara moja tu. Tena bodaboda huegesha penye kivuli na abiria. Banda la jirani lisilo na kivuli linaweza kuwa na chakula kilekile. Hesabu sahani zinazotoka, usihesabu pikipiki.

Vyombo: tafuta mabeseni matatu, la sabuni, la suuza ya kwanza na la suuza ya pili, na sahani ziegemezwe zijikaushe. Beseni moja la maji ya kijivu tangu asubuhi, omba ufungiwe kwenye chombo chako. Kunawa mikono kuwe kwa maji yanayotiririka, ndoo yenye koki au mtu anayekumiminia kwa jagi. Beseni la kunawia pamoja halifai.

Kaanga255

Chipsi sasa. Nitaeleza kinachofanyika upande wa pili wa kabati la vioo ili ujue unachonunua.

Viazi mviringo vinavyofaa ni vilivyokomaa, ngozi haichubuki kwa kidole. Viazi vichanga vina maji na sukari nyingi, hivyo nje hupata rangi ya kahawia mapema na ndani havijaiva. Viazi vyenye ukijani vina sumu chungu ambayo kukaanga hakuiondoi. Ukiona chipsi zenye ukingo wa kijani, ziweke kando.

Kukata ni unene wa sentimita moja hivi. Hulowekwa kwenye maji nusu saa kuondoa wanga wa juu, maji hubadilishwa hadi yabaki safi, kisha huchujwa na kukaushwa. Anayetia viazi vinavyodondosha maji kwenye karai anashusha joto la mafuta na anaharibu mafuta yake mwenyewe.

Kisha kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yasiwe makali, kama nyuzi 150 hadi 160, dakika tano au sita, chipsi ziive bila kupata rangi. Hutolewa na kuwekwa kabatini. Mteja akija hurudishwa kwenye mafuta makali, karibu nyuzi 180, dakika mbili hadi tatu. Hapo ndipo nje hukauka na kuwa na ganda.

Kwa hiyo chipsi nyeupe kabatini si dalili mbaya. Dalili mbaya ni chipsi ambazo tayari zina rangi ya kahawia kabatini. Hizo zimeshakaangwa mara ya pili kwa ajili ya mtu mwingine au zamani, na zikirudi kwenye mafuta zitanywa mafuta na kuwa ngumu. Agiza hivi: "Nikaangie zile nyeupe, mafuta yachemke kwanza." Muuzaji mzuri hachukii.

Mafuta. Tazama mambo manne: rangi, povu, moshi na harufu. Mafuta ya alizeti yaliyotumika siku moja ni ya dhahabu. Yakifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yamechoka. Povu kubwa linaloibuka chipsi zikitiwa na kufa baada ya sekunde chache ni mvuke wa maji tu. Povu dogodogo, zito, linalobaki juu hata chipsi zikitolewa, ni mafuta yaliyovunjika. Moshi ukipanda kabla chipsi hazijaingia, moto ni mkali kupita kiasi au mafuta yamechakaa kiasi kwamba yanafuka kwa joto dogo. Harufu ikikukumbusha rangi ya kupaka ukutani, ondoka. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyochakaa hakuyafufui. Mapya yanachakaa haraka zaidi.

Dada_Ilala

Kaka Kaanga255, asante sana. Zege (chipsi mayai) je? Mbona pengine linatoka vizuri na pengine yai linakuwa bichi katikati?

Kaanga255

Dada, zege linaharibikia kwenye joto la chipsi na la kikaango.

Zege la mtu mmoja ni chipsi zilizoiva gramu 200 hivi na mayai mawili, au matatu ukitaka lishikane vizuri. Kikaango cha sentimita 20 hadi 24, mafuta kijiko kimoja cha chakula. Kikaango kipate moto kwanza, halafu chipsi za moto zilizotoka kwenye karai sasa hivi, zisambazwe sawasawa. Mayai yaliyopigwa na chumvi humiminwa kuanzia pembeni kuja katikati. Moto wa wastani, dakika mbili, unatikisa kikaango ili lisishike. Likishikana linageuzwa kwa kufunikwa na sahani, upande wa pili dakika moja na nusu.

Chipsi zikitoka baridi kabatini na kutiwa moja kwa moja, zinanyonya joto la kikaango. Yai la chini linaungua wakati la katikati bado ni ute. Moto mkali unaleta hali hiyohiyo. Mayai yakiwa machache linavunjika, na anayekaanga huliacha bila kuligeuza. Sema kabla hajaanza: "Ligeuzwe, liive ndani." Likifika, lipasue katikati kwa kijiti. Ute ukitoka, lirudishwe dakika moja.

AfyaKata

Na hilo la yai lisichukuliwe kama upendeleo wa ladha. Salmonella hufa yai likifika nyuzi 70 hadi katikati, yaani lote limeganda. Mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasipewe yai la ute kibandani.

Nigusie kachumbari. Nyanya, kitunguu, tango na kabichi haviivi, kwa hiyo usalama wake wote uko kwenye maji, ubao na mikono. Kachumbari iliyokatwa zamani unaijua kwa maji mengi chini ya bakuli na kitunguu kilicholegea, kwa sababu chumvi inavuta maji. Nzuri ni inayokatwa ukiwa umesimama hapo. Mtaa ukiwa na taarifa ya kipindupindu, achana nayo kabisa, pamoja na juisi na barafu. Ndimu inapunguza vijidudu lakini usiitegemee ikutibie maji machafu. Chipsi zenyewe zilizotoka kwenye mafuta hazina shida hiyo.

Moto_na_Mshikaki

Nyama za jioni mnaziacha, ngoja niweke.

Mishkaki: vipande vya sentimita mbili hivi, vimelowekwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi. Papai linalainisha nyama kwa kuvunja nyuzinyuzi zake. Likikaa saa moja au mbili linatosha, likilala usiku nyama inakuwa laini kama ini na haina mtafuno. Kwa hiyo mshikaki mlaini kupita kiasi unakwambia nyama ilikatwa lini.

Tazama nyama mbichi imekaa wapi. Ndoo yenye barafu au friji, sawa. Beseni wazi chini ya meza tangu alasiri, hapana. Kisha tazama koleo. Likiwa moja tu, linashika mbichi kuziweka motoni na linashika zilizoiva kukupa, basi uchafu wa mbichi unakuja kwenye sahani yako. Vilevile brashi ya mafuta: ikipakwa kwenye mbichi halafu kwenye iliyoiva, ni kosa hilohilo. Mwombe mshikaki wako ugeuzwe mara moja zaidi motoni baada ya kupakwa.

Kuku: vibanda vingi huchemsha kwanza na viungo halafu hukaanga au kuchoma. Njia hiyo ni salama, kwa sababu broila mbichi akiwekwa moja kwa moja kwenye makaa huungua ngozi na kubaki mbichi kwenye kiungo cha paja. Vunja kiungo utazame. Nyama ikiwa inateleza, inang'aa na kung'ang'ania mfupa, haijaiva. Ila wekundu kwenye mfupa peke yake si ushahidi, kwa sababu broila huchinjwa wakiwa na umri mdogo na rangi ya uboho hupenya mfupa hata akiiva. Nyama ikiachia mfupa na maji yake ni meupe, kula.

Mvuvi_Feri

Kuna sumu ya samaki ambayo wengi hudhani ni mzio.

Kibua, jodari na jamaa zao wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini. Samaki anaweza kuonekana mzuri, akakaangwa hadi akakauka, na histamini ikabaki vilevile. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja: uso kuwa mwekundu na kuwaka moto, kichwa kugonga, mwili kuwasha, moyo kwenda mbio. Ukionja ukahisi ulimi unachomachoma kama pilipili na hakuna pilipili, acha hapohapo. Mtu akipata shida ya kupumua apelekwe hospitali bila kusubiri.

Samaki wa kukaanga aliyepangwa mezani, fungua mnofu karibu na uti wa mgongo. Akikaangwa akiwa mpya, mnofu hutoka kwa vipande vikubwa vyenye unyevu. Aliyekuwa amechoka huvunjika kama unga na hunuka amonia karibu na mfupa. Kukaangwa mara ya pili humfanya mweusi na mgumu mapezini. Changu na sato ni rahisi kuwapima kuliko dagaa. Dagaa mnuse tu: harufu ya bahari ni sawa, harufu ya mafuta yaliyooza si sawa.

Bei ya samaki uliza kabla hajaletwa, maana huuzwa kwa ukubwa. Onyesha kwa kidole: "huyu, bei gani pamoja na ugali?"

Mzenji

Kwa Unguja niseme urojo, maana wageni huuagiza vibaya.

Urojo ni mchuzi mwepesi wa unga wa ngano na manjano uliotiwa ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani yake huingia viazi, bhajia, kachori, mishkaki, yai la kuchemsha, chipsi za muhogo juu, chatne ya nazi na pilipili. Sufuria ya mchuzi inatakiwa ikae motoni muda wote. Vinavyoharibika kwanza ni chatne ya nazi na viazi vilivyochemshwa, kwa hiyo saa nzuri ni alasiri hadi magharibi, vikiwa vipya. Usiku sana omba bila chatne.

Ukifungiwa, mchuzi ukae peke yake kwenye chombo kinachofungwa, bhajia na chipsi za muhogo peke yake. Vikichanganywa, ndani ya dakika kumi bhajia zimekuwa uji.

Forodhani (bustani ya Mji Mkongwe panapouzwa chakula) usiku, mishkaki ya pweza na ngisi iliyopangwa mezani imeshapikwa kabla na hupashwa tu ukichagua. Chagua penye moto mkali, omba ipashwe hadi itoe sauti na mvuke, na ukubaliane bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa motoni. Kilicho bora pale kwa bei ndogo ni kinachotengenezwa mbele yako: ile pizza ya Zanzibar yenye yai na nyama ya kusaga ndani ya chapati nyembamba, na miwa inayokamuliwa na ndimu. Ya barafu uliza maji yake.

Mwana_Mvita

Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yakitoka kwenye karai huwa yamefura na ndani yana uwazi. Yaliyolala hubonyea na kubaki na alama ya kidole. Mbaazi hizo ni nazi tupu, uzile kabla ya saa nne.

Viazi karai ni jioni. Kiazi huchemshwa kwanza, huchovywa kwenye uji wa unga wenye manjano, hukaangwa. Kinapopasuka ganda kabla ya kuiva, uji ulikuwa mwepesi au kiazi kilikuwa na maji. Ukwaju upewe pembeni, usimwagiwe juu kama unabeba.

Kibanda_Nai

Nairobi tuna saa zetu pia. Chapo madondo (chapati na maharage) ni mchana, na uzuri wake ni kwamba madondo hukaa jikoni yakichemka. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayotaka kuchemka kwelikweli dakika kumi au zaidi, kupashwa tu hakutoshi. Ukipata ndengu au madondo ambayo yanagonga meno katikati, hayajaiva, usile kwa kuona haya.

Matumbo: kata kipande kimoja. Kikioshwa vizuri na kuchemshwa saa mbili au zaidi hakina harufu ya zizi. Kikitiwa viungo vingi kupita kiasi, nusa kwanza.

Smokie pasua (soseji iliyopasuliwa na kutiwa kachumbari) ya mkokoteni: smokie iwe moto hadi ikuchome vidole, maana hukaa pale masaa mengi. Kachumbari yake ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu mwenye mkokoteni hana bomba karibu. Mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) huchemshwa kwanza halafu huchomwa. Ukikatwa uwe mkavu ndani na umeshikana. Ukiona unyevu mwekundu unatoka, mwambie aurudishe kwa makaa.

Dada_Ilala

Tumebakiza kufungiwa. Nikifika nyumbani chipsi zimelegea na foili imetoboka. Nifanyeje?

Kaanga255

Kinacholegeza chipsi ni mvuke wake zenyewe. Ukifunga kifuniko zikiwa na moto wa karai, mvuke unagonga foili, unarudi maji, na robo saa baadaye ganda limeisha. Fanya hivi.

Omba zichujwe dakika moja kwenye chujio kabla ya kuingia kwenye boksi. Kifuniko kisifungwe pande zote, upande mmoja ubaki wazi, au kitobolewe matundu kadhaa. Chumvi itiwe chipsi zikiwa za moto, lakini sosi ya nyanya, pilipili na kachumbari vikae kwenye vifuko vyake. Kuku na mishkaki visilale juu ya chipsi, maana majimaji yake yanashuka. Zege linavumilia safari kuliko chipsi kavu. Kama njia ni zaidi ya nusu saa, agiza zege.

Ukifika nyumbani usizipashe kwenye maikrowevu. Kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika tatu au nne, uzigeuze.

AfyaKata

Vifungashio: ukwaju, ndimu na nyanya visikae muda mrefu kwenye foili ya alumini, asidi inaila. Gazeti lisiguse maandazi wala mihogo ya mafuta, wino unahamia kwenye chakula. Ugali wa moto na mchuzi unaochemka usitiwe kwenye mfuko mwembamba wa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu na chombo chako chenye kifuniko. Hotpoti ndogo ndiyo bora: chakula kinabaki moto na mama ntilie wengi hupakua kwa ukarimu zaidi kwenye chombo cha mteja.

Chakula ulichofungiwa saa saba mchana usikiweke mezani ukisubiri kukila usiku. Kula ndani ya saa mbili au kitie kwenye friji kikiwa kwenye chombo kifupi na kipana kipoe upesi, na ukikipasha kichemke chote.

Njia_Panda

Nimekubali kuhusu foleni. Sasa bei. Nitajuaje sahani ya chipsi ni ghali au inafaa?

Kaanga255

Piga hesabu ya viazi. Kilo moja ikimenywa hupoteza kati ya gramu 150 na 200. Zinazobaki zikikaangwa hupoteza maji mengi, utapata gramu 400 hadi 500 za chipsi. Hizo ni sahani mbili, zikizidi sana mbili na nusu. Chukua bei ya kilo ya viazi sokoni siku hiyo, igawe kwa mbili, ongeza mafuta, mkaa au gesi, kifungashio na jasho la mtu. Bei ya viazi ikipanda, muuzaji ana njia mbili: kupandisha bei au kupunguza sahani. Anayepandisha bei waziwazi anakutendea haki. Tazama sahani ya aliyekutangulia kabla ya kulipa.

MamaSahani

Kwa wali, usiagize nyama ukiwa na hela kidogo, maana utapewa vipande viwili na mchuzi. Agiza wali maharage, kisha omba mchuzi wa nyama juu na mboga ya majani. Mara nyingi mchuzi hauongezi bei, na maharage yanakushibisha. "Nipunguzie wali niongezee mboga" ni ombi la kawaida, wala usione aibu. Ugali ukiongezwa kwa kawaida ni nafuu kuliko wali ukiongezwa.

Supu ya asubuhi: fika mapema. Sufuria ya kongoro au utumbo ikipungua huongezwa maji. Hilo si kosa kama itaachwa ichemke tena, lakini ukipakuliwa dakika mbili baada ya maji kutiwa, unapata maji vuguvugu yenye chumvi. Tazama kama sufuria inachemka, ndipo ukae.

Mteja_Kariakoo

Mmefanya kazi kubwa. Swali la mwisho wakuu: mwezi wa Ramadhani mchana vibanda vingi vya pwani hufungwa au hushusha mapazia, na jioni chakula hubadilika kabisa. Kanuni za saa zinakwenda vipi hapo?

MamaSahani

Zinasogea jioni. Futari huepuliwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili: magimbi, mihogo na ndizi za nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Vingi ni vya nazi, kwa hiyo nunua karibu na adhana, usinunue mapema ukaviacha vimefunikwa jikoni. Mihogo ya nazi ionje kwanza kipande. Ukiwa na uchungu, usimalizie hata kama nazi imefunika ladha, maana muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu. Kaimati zinunuliwe bila shira, shira ifungwe peke yake, uchanganye ukifika. Uji uwe ndani ya chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji ya moto, na chupa ijae hadi juu, kwa sababu ikibaki nusu inapoa kabla ya tarawehe kwisha.

Kwa asiyefunga, mchana huo vibanda vilivyobaki wazi hupika kidogo. Uliza kwanza, "Leo umepika nini?" usiulize "Una nini?" Atakutajia kilichopikwa leo.